Nimechoka na uhasibu, au nimechoka tu?

Swali: Nina umri wa miaka 37 na nimekuwa mhasibu kwa miaka 11. Kwa muda mrefu niliipenda kazi hii, na wanagenzi waliokuja idarani walikuwa wakiletwa kwangu niwafundishe. Mmoja wao mpaka leo hunikumbusha siku nilipomwonyesha kwamba tofauti ya hesabu ikigawanyika kwa 9 bila baki, atafute kwanza tarakimu zilizobadilishana nafasi. Miaka miwili iliyopita idara yetu iliunganishwa na nyingine, tukaletewa mkuu mpya, na tangu hapo kila Jumapili jioni moyo hunilemea. Nimewaza kuhamia ukufunzi, uchambuzi wa data au ushauri nasaha. Nimejaza madodoso na kusoma sana, lakini kila nikikaa kufikiri nazidi kuchanganyikiwa. Mume wangu anasema kazi nzuri haiachwi, nami naogopa kuitupa miaka 11. Nianzie wapi?

Jibu:

Dada yangu, barua yako inauliza uhamie wapi, lakini ukiisoma polepole utaona kwamba kuna swali lililotangulia ambalo bado halijapata jibu, nalo ni kwamba unataka kuondokana na kitu gani hasa. Mtu asemaye anataka kubadili kazi anaweza kuwa anazungumzia mambo manne yaliyo mbalimbali. Huenda hazitaki tena shughuli anazozifanya kila siku. Huenda shughuli hazina tatizo ila mahali na watu alio nao ndio waliomshinda. Huenda fani nzima, pamoja na maisha anayoyaona kwa waliomtangulia ndani yake, haimvutii tena. Au huenda amechoka kiasi kwamba kazi yoyote, hata ile anayoitamani, ingemchosha vilevile. Tiba za mambo haya hazifanani. Aliyeshindwana na mkuu wake akienda kusomea fani mpya kwa miaka mitatu amelipa gharama kubwa kwa tatizo ambalo pengine lingekwisha kwa kuhama idara, na aliyeichoka fani yenyewe akihama idara atajikuta palepale baada ya miezi michache.

Nianze na uchovu, kwa sababu ndio unaopotosha hesabu ya mengine yote. Shirika la Afya Duniani, katika toleo la 11 la uainishaji wake wa magonjwa lililopitishwa mwaka 2019, linaueleza uchovu huu kuwa hali itokanayo na msongo wa kazini uliodumu muda mrefu bila kudhibitiwa, na halikuuweka miongoni mwa magonjwa bali miongoni mwa hali zinazohusiana na ajira. Linataja sura zake tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi moyoni au kuitazama kwa ubaya, na kujihisi kwamba hufanyi tena kazi yako kwa ufanisi. Sura ya pili na ya tatu ndizo ninazotaka uziangalie, kwa kuwa kwa aliye ndani yake zinafanana kabisa na kupoteza wito. Anayeitazama kazi yake kwa ubaya na kujiona hafai husema kwa unyofu wote kwamba uhasibu haukuwa njia yake tangu mwanzo, na huyasahau hata yale aliyoyafurahia. Ndiyo maana sipendi kumwona mtu akifanya uamuzi mkubwa akiwa katika hali hiyo.

Kuna namna moja rahisi ya kujipima. Ukiwa na likizo, ichukue yote kwa mfululizo, na usihesabu siku za mwanzo, maana hizo ni za kulala tu. Kisha jiangalie siku za mwisho: je, kuna jambo lolote la kazini unalolifikiria kwa shauku, au kazi nzima bado inakuchukiza bila kubagua? Shauku ikirudi kwa baadhi ya mambo, fani haijafa moyoni mwako. Isiporudi kabisa baada ya mapumziko ya kweli, hilo nalo ni jibu. Na ikiwa usingizi au hamu ya kula imekutoka kwa majuma mfululizo, mwone daktari kabla ya kumwona mshauri wa kazi.

Sasa niseme nilichokiona katika barua yako. Miaka 11 umeieleza kwa mstari mmoja, fani tatu unazozitamani umezitaja kama anayesoma orodha, lakini kwa mwanagenzi mmoja na tarakimu zake umesimama. Hukutaka tu nijue kwamba ulifundisha. Ulitaka nijue ulifundisha nini. Naweza kumwona kijana yule ameshikwa na tofauti ya 2,700 kati ya daftari la fedha na taarifa ya benki, anarudia kujumlisha kwa mara ya nne, nawe unamwambia aache kujumlisha, agawanye kwa 9, kisha atafute mahali ambapo 8,500 imeandikwa 5,800. Aliyeichoka fani yake hazungumzi hivyo. Tena umesema waziwazi kwamba mambo yaliharibika idara zilipounganishwa. Kwa ushahidi huu mdogo, dhana yangu ya kwanza ni kwamba tatizo lako liko mahali unapofanyia kazi na katika mgao wa shughuli zako kuliko katika uhasibu wenyewe. Nasema ni dhana, na dhana hupimwa.

Edward Deci na Richard Ryan, wanasaikolojia waliofanya utafiti kwa miongo mingi kuhusu kinachomsukuma mtu kufanya jambo kwa hiari, wanataja mahitaji matatu: mtu awe na uhuru fulani juu ya anachokifanya, ajione anakimudu, na awe na mahusiano ya kweli na wenzake. Hebu jiulize ni lipi kati ya hayo ulilokuwa nalo miaka mitatu iliyopita ambalo leo huna. Je, mkuu mpya alikuondolea nafasi ya kuamua mwenyewe namna ya kufanya kazi? Je, wanagenzi bado wanaletwa kwako? Hukuandika, na nadhani hawaletwi. Ikiwa ndivyo, kilichokuondokea kina jina, na kinaweza kutafutwa mahali pengi zaidi ya pale unapodhani.

Ili usitegemee dhana yangu, andika kumbukumbu za kazi kwa majuma manne, yawe na kufunga hesabu za mwezi ndani yake, kwa kuwa mwezi wa mhasibu usio na siku hizo hauelezi ukweli. Kila jioni andika mambo mawili au matatu uliyoyafanya, kwa majina ya vitendo na si ya vyeo: nililinganisha miamala, nilieleza ripoti kwa wasio wahasibu, nilibishana kuhusu risiti, nilimrekebisha mwenzangu. Kando ya kila moja andika kama lilikuongezea nguvu au lilikupunguzia, na kama tatizo lilikuwa jambo lenyewe au mtu aliyekuwa akilisimamia. Usisome ulichoandika mpaka majuma manne yaishe. Watu wengi hushangaa kuona kwamba walichokuwa wakikiita kazi mbaya ni kikao kimoja kinachojirudia kila juma, au kwamba shughuli waliyojivunia katika usaili ndiyo inayowamaliza.

Kuhusu madodoso, hayana ubaya, ila yana mpaka. Frank Parsons, aliyefungua ofisi ya ushauri wa kazi huko Boston mwaka 1908, alifundisha hatua tatu: ujijue mwenyewe, uzijue kazi zilivyo, kisha uyapime mambo hayo mawili kwa pamoja. John Holland, aliyetoa nadharia yake mwaka 1959, aliwagawa watu na mazingira ya kazi katika aina sita, na madodoso mengi uliyoyajaza huenda yametokana na kazi yake. Yanasaidia kumpa msamiati kijana ambaye hajawahi kufanya kazi. Kwa mtu mwenye miaka 11 kazini yana faida ndogo, kwa sababu kumbukumbu zako zinajua zaidi ya dodoso. Wengi hukaa katika hatua ya kwanza ya Parsons kwa miaka, wakijichunguza na kujichunguza tena, ilhali hatua ya pili hawajaigusa.

Hapo ndipo ulipokwama, dada yangu, na kuchanganyikiwa kwako hakutokani na uvivu wa kufikiri. Unajaribu kulinganisha kazi unayoijua mpaka kwenye uchafu wake na kazi tatu unazozijua kwa picha tu. Akilini mwako mkufunzi yuko mbele ya darasa linalosikiliza. Hayuko nyumbani usiku akisahihisha karatasi 60 zenye kosa lilelile. Mwanasaikolojia Daniel Gilbert na wenzake walichapisha utafiti mwaka 2009 ulioonyesha kwamba watu walikadiria vizuri zaidi watakavyolifurahia jambo walipopewa taarifa ya mtu mmoja wasiyemjua aliyelipitia kuliko walipopewa maelezo ya jambo lenyewe wakaachiwa kuwaza. Na walio wengi waliamini kwamba mawazo yao wenyewe ndiyo yangewafaa zaidi.

Basi tafuta watu wawili katika kila fani, mmoja aliye ndani kwa muda mrefu na mmoja aliyeingia karibuni akitokea kwingine. Usiwaulize kama wanaipenda kazi yao, kwa maana watakujibu kwa adabu. Waulize Jumanne iliyopita walifanya nini tangu asubuhi mpaka jioni. Waulize ni sehemu gani ya kazi ambayo hakuna aliyewaambia kabla hawajaingia, na wenzao walioacha waliacha kwa sababu gani. Swali la mwisho ndilo lenye mavuno makubwa, na ndilo linaloulizwa mara chache.

Katika kuwatafuta watu hao usiishie kwa ndugu na marafiki wa karibu. Mwanasosholojia Mark Granovetter, katika makala yake maarufu ya mwaka 1973, alieleza habari za watu waliokuwa wamebadili kazi katika kitongoji kimoja cha Boston. Kati ya waliopata kazi kupitia mtu wanayemfahamu, takriban asilimia 17 tu ndio waliokuwa wakionana na mtu huyo mara kwa mara. Waliobaki walisaidiwa na watu wanaoonana nao mara mojamoja au kwa nadra. Sababu yake inaeleweka: wa karibu wanajua yaleyale unayoyajua wewe, na tena wamekuzoea ulivyo. Yule mwanagenzi anayekukumbuka huenda sasa yuko mahali ambako mumeo na dada zako hawana hata habari napo. Mpigie.

Baada ya mazungumzo, jaribu kwa mikono, kila fani kwa kiasi kidogo na kwa muda wenye mwisho. Ukufunzi ndio ulio rahisi kwako kuujaribu: omba kukabidhiwa rasmi mafunzo ya waajiriwa wapya wa idara, au fundisha somo moja la jioni kwa wanaojiandaa na mitihani ya uhasibu, kozi nzima, pamoja na kutunga na kusahihisha mitihani. Kuhusu uchambuzi wa data nitasema wazi ninachokishuku: nadhani umeuweka katika orodha kwa sababu unatajwa kila mahali, maana katika barua yako yote hakuna hata neno moja linaloonyesha kwamba umewahi kuufurahia. Naweza kukosea. Chukua takwimu zilizo wazi kwa umma kuhusu jambo unalolielewa, jiulize swali moja, na ulijibu kwa majuma sita ukitumia zana wanazotumia wachambuzi. Ikiwa usiku unasahau kulala, nitafuta shaka yangu. Ikiwa juma la pili unatafuta visingizio, futa fani hiyo katika orodha, na ujue kwamba kupunguza orodha ni hatua kamili.

Ushauri nasaha unahitaji uangalifu zaidi. Huwezi kuujaribu kwa kuwashauri watu wenye majeraha bila mafunzo, kwa kuwa utakayemdhuru si wewe. Njia ya kuingia humo ni ndefu: masomo, kisha saa nyingi za kazi chini ya msimamizi. Kinachowezekana kwa sasa ni kujitolea mahali ambapo wasikilizaji hupewa mafunzo na kusimamiwa, ukaona kama unaweza kukaa na huzuni ya mtu bila kukimbilia kuitatua. Wahasibu wazuri, nijuavyo, hupata taabu hapo: wamezoea kwamba hesabu isiyolingana lazima ilingane kabla ya kwenda nyumbani.

Kabla ya kila jaribio andika matokeo yapi yatakufanya uendelee na yapi yatakufanya uache. Usipoandika mapema, tokeo lolote utalitafsiri kulingana na hali yako ya siku hiyo.

Kumbuka pia kwamba badiliko lina vipimo. Mtu anaweza kubadili shughuli akabaki katika sekta yake, au akabadili sekta akabaki na shughuli zake. Kubadili vyote viwili kwa pamoja ndiko kugumu kuliko kote, kwa sababu huna ujuzi wala watu wa kukuthibitisha. Kwako kuna njia ya katikati iliyo wazi sana, yaani kuwa mkufunzi wa uhasibu, na ninastaajabu kwamba umeutaja ukufunzi kana kwamba ni nchi nyingine. Mwalimu wa uhasibu aliyewahi kufunga vitabu kwa miaka 11 hajatupa hata siku moja.

Hilo linanileta kwenye hofu yako ya kupoteza miaka. Hal Arkes na Catherine Blumer, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1985, waliuza tiketi za msimu wa michezo ya kuigiza, baadhi ya wanunuzi wakilipa bei kamili na wengine wakipewa punguzo bila kutarajia. Katika nusu ya kwanza ya msimu, waliolipa bei kamili walihudhuria maonyesho mengi zaidi, ingawa michezo ilikuwa ileile na fedha za kila mmoja zilikuwa zimekwishatoka. Wewe una faida kuliko wao, kwa kuwa hili ni somo la taaluma yako: gharama iliyokwishazama haiingizwi katika uamuzi wa mradi mpya, kwa sababu haibadiliki hata uamue vipi. Ungemwambia meneja hivyo bila kusita. Swali halali ni kwamba, kutokana na ujuzi ulio nao leo, miaka 25 iliyobaki itumike vipi.

Kuhusu fedha, fanya hesabu kama ungemfanyia mteja. Chukua matumizi ya lazima ya mwezi ya nyumba yenu, uzidishe kwa idadi ya miezi ya mafunzo bila mshahara pamoja na miezi ya kutafuta kazi, kisha uongeze ada na akiba ya dharura. Muda wa kutafuta kazi ukadirie kwa ukali, maana hapo ndipo makadirio mengi huanguka. Halafu fanya jambo ambalo wachache hulifanya: waulize wale watu wawili wa fani mpya kuhusu mshahara wa anayeanza, na kwa miezi mitatu, ukiwa bado kazini, nyumba iendeshwe kwa kiasi hicho, tofauti yote ikienda katika akiba. Utajua kama familia inaweza kuishi hivyo, na utakuwa umeanza kujenga mtaji wa kuhama.

Hesabu hiyohiyo ndiyo ya kumpelekea mumeo. Anaposema kazi nzuri haiachwi huenda anaogopa ada na kodi ya nyumba, wala si kwamba hakuelewi. Moyo mzito wa Jumapili hawezi kuukagua. Karatasi yenye tarakimu, tarehe na masharti ya kusimama anaweza kuikagua, kuibishia na kuiongezea. Mshirikishe mapema, kabla hujapenda jibu lako mno.

Huenda baada ya haya yote mizani ikabaki sawa. Mwanauchumi Steven Levitt, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020, aliwaalika watu waliokuwa njia panda warushe sarafu mtandaoni ili iwasaidie kuamua. Wapo walioifuata. Katika maamuzi makubwa, pamoja na yale ya kuacha kazi, waliofanya badiliko waliripoti miezi sita baadaye kuwa na furaha zaidi kuliko waliobaki walipokuwa. Sikushauri urushe sarafu, na watu wale walijitokeza wenyewe, hivyo matokeo yao hayamhusu kila mtu. Lakini kwa aliyepima kwa uangalifu na bado yuko katikati, yanadokeza kwamba watu huelekea kubaki kuliko inavyowafaa. Jiwekee tarehe, tuseme miezi minane tangu leo, na siku hiyo uamue kwa ulicho nacho.

Kwa sasa usimweleze mkuu wako habari yoyote ya kuondoka, wala usimwandikie mtu barua ya kuacha kazi, hata siku ile atakapokuudhi kuliko siku zote. Mwombe jambo moja tu, na uombe kwa maandishi: mafunzo ya waajiriwa wapya yarudi kwako kwa robo mwaka ijayo. Akikubali, umepata jaribio lako la kwanza bila gharama. Akikataa, sababu atakayoitoa iandike katika kumbukumbu zako jioni hiyohiyo, kwa maneno yake mwenyewe.